Nukta Mbili

Yusufali akishateremsha nusu ya mlango wa duka,
madaftari na kalamu zikibaki upande wa giza,
tunaingia kwa kuinama, watano,
Jumamosi ya mwisho wa mwezi,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kila mtu na bahasha yake kwapani
kama aendaye kushtaki mpaka wa shamba.

Sharti: picha moja, na mwenyewe anyamaze.
Chai inakaa mbali, juu ya mashine ya kudurufu,
ni amri ya Mwanatumu
tangu birika lilipoufurisha Mto Pangani wa Mhina
ukavuka kingo za karatasi, ukamwagikia mapajani.

Mimi ni karani wa mizani, Muheza.
Siku nzima napima machungwa ya watu;
jicho langu limezoea mshale, si upeo.
Lakini mwezi ule nilipanda hadi Irente,
shingoni kamera niliyoilipa miezi kumi na minne,
mkononi mwavuli mwekundu wa mama mkwe,
maana manyunyu hayana adabu na lenzi.
Nikasimama ukingoni mwa jabali.
Chini, Mazinde ilikuwa mkeka ambao bado unasukwa:
mkonge, safu, mkonge, safu,
na barabara nyembamba
kama uzi ulioponyoka sindanoni.
Nusu saa nilingoja lori lipite
ili nchi ibaki bila mtu.
Nikazuia pumzi. Nikabonyeza.

Nikaiweka mezani.
"Nzuri," akasema Mhina,
nzuri ile ya kumwambia mgonjwa amenenepa.
"Ila upeo umelalia kushoto."
Mhina alipima barabara miaka thelathini,
hajawahi kumsamehe mtu nyuzi mbili.
Mwanatumu, nesi, akaishika kwa ncha za vidole,
akaiinua kwenye taa kama picha ya eksirei:
"Na hapa barabarani pana vumbi.
Safisha lenzi, kaka."

Nikalimeza. Sharti ni sharti.

Ndipo Singano, fundi redio, akaweka yake,
ya lenzi ndefu aliyoipata mnadani bandarini.
Jabali lile lile, kutoka chini,
limejifunika wingu hadi mabegani;
na juu kabisa, wingu lilipochanika,
nukta nyekundu
ndogo kuliko mbegu ya mchicha.

"Ua," akasema Mwanatumu.
"Wino," akasema Mhina.
"Printa yangu haitemi wino!" Yusufali akaruka.
Hapo ulimi ukanitoroka:
"Mwavuli wa mama mkwe."

Tukazigeuza. Nyuma, kwa penseli,
tarehe moja. Saa nne na robo;
saa nne na dakika ishirini, labda, kaandika Singano,
saa yake hukimbia.
Yusufali akaleta kioo cha kukagulia stempu,
vichwa vitano vikagongana juu ya vumbi langu.
Lilikuwa na magurudumu.
Au tulitaka liwe nayo.

"Basi vumbi ndilo mimi," akasema Singano.
"Pikipiki niliiegesha pale kwenye kalvati.
Nikakojoa. Halafu nikapiga."

Miaka mitatu meza moja,
ninamjua kwa kikohozi, kwa vijiko vitatu vya sukari,
na sikujua kwamba naye huenda mbali hivyo
kutafuta mahali pasipo na sisi.

Tulibadilishana. Yangu iko kibandani kwake Makorora,
kati ya maiti za redio,
na upeo wake ungali umelala;
Mhina kila akipita huinamisha kichwa kuunyoosha.
Yake iko ukutani kwangu, juu ya kabati.

Mama mkwe alikuja Idi.
Akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.
Mlima hakuuliza.
Wingu hakuliuliza.
"Na huo mwavuli," akasema,
"utaurudisha lini?"